Mkanda Kwanza, Kikombe Baadaye: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Sidiria

Barua zinazohusu sidiria zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumezitengea nafasi yake. Tumechagua zile zinazogusa yanayowasumbua wengi, kuanzia namba za kwenye lebo hadi waya unaochoma.

Habari zenu. Navaa 40B tangu nilipomwachisha mtoto wangu wa mwisho kunyonya. Ikifika jioni mabega yana mifereji, na mkanda wa nyuma umepanda hadi kwenye mabapa. Nikinyanyua mikono, sidiria yote inapanda juu ya matiti. Muuzaji ameniambia niende 42. Fundi wangu wa nguo amenipima: chini ya matiti sentimita 79, kwenye chuchu sentimita 98.
*Mama wa watoto watatu, Morogoro*

Dada, usiende 42. Shuka hadi 36, na herufi ipande.

Sidiria hubeba matiti kwa mkanda unaozunguka mbavu. Kamba za begani kazi yake ni kukishika kikombe kisidondoke mbele. Mkanda ukipwaya, uzito unahamia kwenye kamba, nazo zinauvuta mkanda juu mgongoni huku mbele matiti yakishuka. Unafupisha kamba ili yanyanyuke, mkanda unazidi kupanda, mabega yanazidi kukatwa. Ukivaa 42 mambo yatakuwa mabaya zaidi.

Tazama lebo vizuri. Sidiria nyingi zinazouzwa Kariakoo na madukani mikoani zina namba mbili: 34/75, 36/80, 38/85, 40/90. Namba ya pili ndiyo mzunguko wa mbavu, kwa sentimita, ambao kiwanda kilikusudia. Hiyo 40/90 ni ya mwanamke mwenye sentimita 90 chini ya matiti. Wewe una 79, kwa hiyo umevaa mkanda uliozidi kwa sentimita 11. Namba ya kwanza nayo isikudanganye kwamba ni inchi za mbavu zako. Inchi 36 ni sentimita 91. Mtu anayejipima inchi 36 kisha akaomba "sidiria ya 36" anauziwa ya sentimita 80, inambana mpaka pumzi inakuwa ya shida, naye anaamini kwamba sidiria zote ziko hivyo.

Herufi hutokana na tofauti ya vipimo viwili. Kwa vipimo vya Ulaya, tofauti ya sentimita 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D, 20 hadi 22 ni E. Yako ni 98 kutoa 79, yaani 19, kwa hiyo ni D. Usishtuke. Wengi wakisikia D wanafikiria matiti makubwa mno, lakini herufi peke yake haisemi ukubwa wowote mpaka iambatane na namba. Kikombe cha 40B, cha 38C na cha 36D vina ujazo uleule. Ndiyo maana 40B ilikuwa inakutosha mbele na hukujua kosa liko wapi.

Anza na 36/80 D. Viwanda havifanani, na vingine huanza kuhesabu A kwenye tofauti ya sentimita 10, kwa hiyo jaribu pia herufi ya jirani. Mkanda ukilegea hata ukiwa mpya, chukua 34/75 E: kila unaposhuka namba moja ya mkanda, panda herufi moja ili kikombe kisipungue.

Kwa wasomaji ambao bado hawajapimwa: vaa sidiria nyembamba isiyo na sponji, au usivae kitu. Pitisha tepu ya fundi chini kabisa ya matiti, ilale sawa kuzunguka mwili. Mgongoni ndiko hupanda bila mtu kujua, kwa hiyo tumia kioo au mwombe dada yako akushikie. Toa pumzi, kaza tepu ishike ngozi bila kuuma, soma, kisha tafuta namba ya karibu inayoishia na 0 au 5. Halafu pima kwenye chuchu, safari hii tepu iguse tu. Matiti yakiwa laini au yameshuka, kipimo cha kusimama hupungua, maana sehemu ya titi iko chini ya mstari wa tepu. Inama mpaka mgongo uwe sambamba na sakafu, pima tena kwenye chuchu, kisha chukua wastani wa vipimo hivyo viwili vya kifua. Asiye na tepu atumie utepe usiovutika, atie alama, aulaze kwenye rula ya shule. Tepu ya kitambaa iliyotumika miaka mingi hurefuka, basi nayo ilinganishe na rula kabla ya kuiamini.

Kuvaa nako kuna utaratibu. Sidiria mpya ifungwe kwenye safu ya ndoano inayolegea zaidi, kwa sababu lastiki huchoka kadiri siku zinavyokwenda, na zile safu za ndani ni akiba yako ya baadaye. Inama kidogo, ingiza mkono wa kulia kwenye kikombe cha kushoto, vuta titi lote kutoka kwapani lije mbele, kisha fanya hivyo upande wa pili. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayofichua kwamba kikombe ni kidogo. Sasa kagua. Mkanda uwe usawa mmoja mbele na nyuma, vidole viwili vipite chini yake kwa kubanana. Waya ulizunguke titi zima, na ncha yake ya kwapani iishie kwenye mbavu, isikalie nyama ya titi. Kipande cha katikati ya vikombe kiguse mfupa wa kidari. Kikiwa kinaelea, kikombe hakitoshi.

Ukishindwa kujua kama kinachobana ni mkanda au kikombe, ivae sidiria nyuma mbele, vikombe vitupu vikiwa mgongoni. Ikikukaa vizuri hivyo lakini ikakubana ukiivaa kawaida, mkanda hauna kosa. Kikombe ni kidogo, na titi linavuta kitambaa ambacho kingezunguka mbavu.

Mimi sidiria inaniachia nafasi juu ya kikombe, hata ngumi inaingia, lakini pembeni kwapani nyama inatokeza. Nikichukua kikombe kidogo, inazidi kutokeza. Ni ugonjwa?
*Msomaji, Mombasa*

Si ugonjwa, dada. Ni umbo la titi kutokupatana na umbo la kikombe. Baada ya kunyonyesha, au kupungua mwili, titi hupungua juu na kujaa chini. Sidiria za sponji zilizofinyangwa kiwandani zina umbo lao na hazilifuati titi, kwa hiyo juu panabaki pengo. Wakati huohuo waya ukiwa mwembamba kuliko shina la titi, nyama ya pembeni inasukumwa kwapani. Pengo la juu si dalili ya kikombe kikubwa kila mara. Mara nyingi kikombe ni kidogo: titi halijaweza kuingia hadi chini, limekalia waya na kukisukuma kikombe mbele.

Panda herufi moja, lakini badilisha aina. Tafuta kikombe cha kitambaa kisicho na sponji, chenye mishono, kilichounganishwa kwa vipande viwili au vitatu, kwa maana mishono hiyo hutengeneza kina chini. Mkato uwe wa kuishia juu kidogo ya chuchu, si ule wa kupanda hadi karibu na shingo. Ukingo wa juu ukiwa wa lesi inayovutika, utajishika wenyewe kwenye titi.

Nauza nguo za ndani Mwanjelwa. Wateja wanaomba "36" tu, kesho yake wanarudi wanalalamika. Sina chumba cha kujaribia. Nifanyeje, na nikienda kuchukua mzigo niangalie nini?
*Mfanyabiashara, Mbeya*

Ndugu yetu, nunua tepu ya fundi na uiweke mezani mbele ya mteja. Kipimo cha chini ya matiti kinachukuliwa juu ya blauzi nyepesi bila mtu kuvua chochote, na kwa kipimo hicho pekee utakuwa umeondoa nusu ya malalamiko. Mpe tepu ajizungushie mwenyewe kama hapendi kuguswa. Kwa kifua, mwulize maswali matatu: sidiria aliyovaa ina herufi gani, titi linafurika juu ya kikombe au kikombe kina mikunjo, na mkanda unapanda mgongoni au haupandi. Kwa majibu hayo unaweza kumchagulia mbili za kulinganisha. Kanga mbili zilizotundikwa kwenye kona ya kibanda na kioo cha kadiri zinatosha kuwa chumba. Mteja avae juu ya singlendi nyembamba ili bidhaa ibaki safi.

Kwenye mzigo, acha kuchukua B peke yake. Wengi wanaovaa 40B wanahitaji 38C au 36D, na wakizikosa kwako watarudi kwenye namba kubwa na malalamiko yataendelea. Chukua kila namba ya mkanda kwa herufi tatu au nne, hata kama ni chache chache.

Kagua kabla ya kulipa. Vuta mkanda hadi mwisho kisha uachie: urudi mara moja, usibaki na mawimbi. Bonyeza ncha za waya pembeni na katikati, uone kama mshono umerudiwarudiwa pale, maana ndipo waya hutokea. Vikuku vya kurekebishia kamba viwe vya chuma, kwa kuwa vya plastiki huteleza na hukatika. Kuanzia D kwenda juu, dai safu yenye ndoano tatu kutoka juu hadi chini na kamba pana. Ndoano mbili hujikunja chini ya uzito.

Sidiria za mitumba usiziguse. Shirika la Viwango, TBS, haliruhusu nguo za ndani zilizotumika kuuzwa Tanzania, sidiria zikiwemo. Na hata pasingekuwa na katazo, lastiki iliyochoka kwa mtu mwingine haiwezi kumbeba mteja wako.

Titi langu la kushoto ni kubwa kuliko la kulia. Ninunue kwa lipi?
*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

Kwa lile kubwa. Upande mdogo fupisha kamba kidogo au weka sponji nyembamba ya kuchomeka, zile zinazouzwa pea, wewe tumia moja. Usinunue kwa titi dogo, waya utalikata lile kubwa. Matiti kutolingana ni jambo la kawaida kabisa. Ila kama tofauti imeanza karibuni, au kuna uvimbe, ngozi imebonyea, au chuchu imeingia ndani ghafla, nenda hospitali wiki hii.

Shikamooni. Mimi ni mgane, ninaishi na binti yangu wa miaka 11. Nimeona anatembea ameinama na hataki kukimbia. Nadhani kifua kimeanza kuota. Nimnunulie nini, na nizungumze naye vipi?
*Baba, Iringa*

Marahaba, baba. Umeona mapema, na umefanya vizuri kuuliza.

Kifua cha msichana huanza kuota kati ya miaka 8 na 13. Mara nyingi hutangulia upande mmoja, kama kinundu kigumu kinachouma kikiguswa, na upande wa pili unafuata baada ya miezi kadhaa. Anainama kwa sababu ya aibu, na pia kwa sababu shati linasugua pale panapouma. Mwambie kwa maneno machache kwamba ni kukua, na kwamba nguo zake zitanunuliwa kama zinavyonunuliwa viatu vya shule. Kisha mwombe shangazi yake, au mwalimu wa kike anayemwamini, aende naye dukani. Yeye mwenyewe achague.

Kwa sasa asivae waya wala sponji nene. Vitopu vitatu vya pamba vyenye lastiki pana chini vinatosha: kimoja mwilini, kimoja kwenye kamba, kimoja kabatini. Apimwe chini ya kifua na juu ya kifua, na tofauti ikiwa chini ya sentimita 12 hicho kitopu ndicho chake. Ikizidi hapo, aanze sidiria laini ya A. Msimnunulie kubwa ili aje kuikuzia, kwani inayopwaya haimzuii kusuguliwa na inajikunja chini ya shati. Mpimeni tena kila muhula. Kama sare ni shati jeupe, chagueni rangi inayokaribiana na ngozi yake. Nyeupe ndani ya nyeupe huonekana kwa mbali, na kwa umri huo jambo hilo linaweza kumfanya asinyanyue mkono darasani. Kwa siku za michezo apate moja ya mazoezi inayobana sawasawa.

Nina mimba ya miezi saba. Sidiria zote zimenikataa. Ninunue sasa au nisubiri nijifungue?
*Mama mtarajiwa, Kigoma*

Hongera, mama. Sasa hivi mbavu zimetanuka kumpisha mtoto, kwa hiyo kwa wiki zilizobaki tumia vitopu vya pamba au ongeza kipande cha ndoano cha kurefushia mkanda, ambacho huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Sidiria za kunyonyeshea nunua mwezi wa mwisho, mbili tu. Zifunge kwenye safu inayolegea zaidi, ili mbavu zikirudi baada ya kujifungua uwe na safu za kukaza. Kikombe kibaki na nafasi ya kutosha kitambaa cha kunyonya maziwa na titi lililojaa.

Maziwa hushuka kwa wingi kati ya siku ya 2 na ya 5, na titi linaweza kuvimba kuliko ulivyotarajia. Subiri kama wiki 6, yakishatulia, ndipo upimwe na kununua nyingine. Kikombe kifunguke chote kwa mkono mmoja. Kile kinachoacha tundu dogo hubana titi pembeni, na panapobanwa maziwa huganda. Kwa sababu hiyohiyo achana na waya katika miezi ya mwanzo. Ukiona eneo jekundu, la moto, linalouma, pamoja na homa, endelea kunyonyesha na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Joto la Tanga linanimaliza. Chini ya matiti pana vipele na weusi unaowasha.
*Msomaji, Tanga*

Ngozi inagusana na ngozi, jasho halikauki, fangasi wanapata makazi. Sidiria inayokukaa ni sehemu ya dawa, kwa sababu kikombe kinacholinyanyua titi kinaachanisha hizo ngozi mbili. Badilisha sidiria mchana ikilowa, usiirudie kesho kabla ya kufuliwa. Osha eneo kwa sabuni isiyo kali, kausha kwa kupapasa, si kwa kusugua, ndipo uvae. Poda usimwage, ikichanganyika na jasho inafanya ukoko. Duka la dawa watakupa krimu ya klotrimazoli. Paka mara mbili kwa siku, na uendelee hata wekundu ukiisha, kwa muda ulioelekezwa. Isipopungua ndani ya wiki mbili, mwone daktari, na tatizo likirudi kila mara, pima sukari pia.

Niko Birmingham, nataka kumtumia mama sidiria. Amenitajia 75F ya lebo yake. Hapa naona 34E, 34F, na dada yangu aliyeko Ufaransa anasema 90F. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Uingereza*

Wote mko karibu, ila wewe usichukue 34F ya Kiingereza. Uingereza baada ya D kuna DD, kisha E, kisha F, FF, G. Bara la Ulaya hakuna herufi mbilimbili: D, E, F. Kwa hiyo F ya lebo ya mama ni E ya hapo ulipo, na sidiria yake ni 34E. Ufaransa na Hispania huongeza 15 kwenye mkanda, hivyo 75F inaandikwa 90F na dada yako hajakosea. Italia 75 huandikwa 3, na Marekani ungetafuta 34DDD, ambayo baadhi ya viwanda huiita 34F. Kabla hujalipa, mwombe mama apimwe upya. Lebo yake inakwambia anachovaa, na inawezekana hakimkai.

Ni kweli kulala na sidiria kunaleta saratani, au kunazuia matiti kushuka?
*Msomaji, Kisumu*

Yote mawili hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa eneo la Seattle nchini Marekani kwa wanawake zaidi ya 1,500 wenye umri wa miaka 55 hadi 74, haukuona uhusiano wowote kati ya kuvaa sidiria na saratani ya matiti, iwe ya waya au bila waya, saa nyingi au chache. Matiti nayo hushuka kwa umri, mimba, kunenepa na kukonda, na uvutaji sigara. Ukipenda kulala nayo, iwe laini, bila waya, isiyoacha alama asubuhi.

Sidiria zangu hazimalizi miezi mitatu, waya umeshatoka na kunichoma kwapani. Nafua kwa mashine. Nazishona vipi?
*Msomaji, Arusha*

Angalia kwanza unatokea wapi. Ukitoka upande wa kwapani kwenye kila sidiria, kikombe ni chembamba kuliko titi lako, na hata ukishona utatoka tena. Panda herufi. Angalia pia unaweka nini humo: simu na pochi ya sarafu hukivuta kikombe upande mmoja na kupindisha waya.

Kushona: rudisha waya ndani mpaka ncha izame kama sentimita moja, kata kipande kidogo cha kitambaa kigumu kisichochanika, kama cha jinzi nyepesi, kikunje juu ya tundu, kisha shona kwa mkono mara nyingi mahali pamoja, uzi ukiwa wa nailoni. Mashine ya kufulia ndiyo inayopinda waya, na maji ya moto na dawa ya kung'arisha huua lastiki. Fua kwa mkono, maji ya baridi, sabuni kidogo, funga ndoano kabla hujaanza. Usiikamue kwa kuisokota, ikandamize ndani ya taulo. Anika kivulini kwa kuining'iniza kwenye kile kipande cha kati, si kwa kamba, maana uzito wa maji huzirefusha. Usivae ileile siku mbili mfululizo, lastiki inahitaji siku ya kujirudi. Waya uliovunjika haushonwi: ng'oa nyaya zote mbili, na sidiria hiyo iwe ya kuvaa nyumbani.